Vikosi Vilivyopigwa Saa ya Magharibi

Jumatano, baada ya Isha

Kumbe si uoga. Tangu alasiri nimekuwa na simu na daftari, nikiandika kila kikosi tulichopoteza kwenye gemu wiki hii na saa kilipopigwa. Muungano wetu umepoteza askari mara tatu ya wapinzani wetu wa bara, na karibu wote wamekufa saa ya Magharibi. Tukisikia adhana tunaweka simu chini na kwenda kuswali, huku askari tumewaacha nje ya ngome wakikata kuni. Jamaa wameshatujua.

Aliyesalimika ni Mwanasha wa Bodo peke yake. Na jana nilimwambia mbele ya wenzetu wote kwamba jeshi lake halipungui kwa sababu yeye ni mwoga! Alijibu tu, "Sawa, kaka."

Leo nimempigia kumuuliza anafanyaje.

"Mimi huwarudisha ndani kabla sijatia udhu," akasema. "Ningewaambia jana, lakini ulikuwa unapiga kelele."

Masikio yananiwaka hadi sasa. Kesho nitamwomba radhi palepale nilipomtukana, na uongozi wangu wa muungano nitampa yeye. Kisha adhana ikilia, na waje hao wa bara; askari wetu watakuwa ndani. Watapigana na kuni.