Waya Mwekundu wa Trela la Mtani

Jumamosi. Upepo wa Singida leo umeamka kabla yangu, umenijaza vumbi machoni hata kufuli la karakana sijalifungua. Ni baridi ya Julai, ile ya kuvaa sweta mbili na bado unajikunyata.

Nimeandika hapa zaidi ya mara moja kwamba yule mtu nimeshamsamehe.

Nilidanganya.

Kwa wanaosoma blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanamke, Mnyaturu, fundi umeme wa magari. Nilifanya kazi miaka kumi na moja katika karakana ya shirika la umma hapa mjini, mpaka shirika likabinafsishwa na mwekezaji akataka watu wapunguzwe. Aliyeandika orodha ya wa kuondoka ni afisa utumishi wetu, Bwana Msengi, Mnyiramba wa Kinyangiri.

Wanyiramba ni watani zetu. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako, anaweza kuja msibani kwenu akajilaza kaburini na kukataa kutoka, nawe huna ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye anayeonekana hana adabu. Mimi na Msengi tulikuwa tunataniana tangu wiki yangu ya kwanza kazini, na nakiri kwamba nilimpenda kwa hilo. Asubuhi bila maneno yake ilikuwa haijakamilika.

Basi siku hiyo alinikuta getini, watu wamejaa, akasema kwa sauti, "Mtani, nimekufuta kazi. Nenda nyumbani ukapike mlenda." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamjibu kwamba nitamzika na kalamu yake mkononi. Kila mtu alijua kulikuwa na siku saba za kupinga orodha kwa barua. Mimi sikwenda hata kuisoma ubaoni. Wiki nzima niliwasimulia majirani jinsi mtani alivyonifuta kazi, na tukacheka.

Jina langu lilikuwa la pili. Nafasi yangu ilichukuliwa na shemeji yake, mtu ambaye fyuzi ikiungua alikuwa anabadilisha balbu. Nilipokwenda kulalamika, siku ya nane, Msengi alifungua mikono na kusema, "Si nilikwambia mbele ya watu?"

Na ni kweli aliniambia. Hapo ndipo paliponiuma, na ndipo panaponiuma mpaka leo.

Sasa leo, saa tatu asubuhi, pikapu imeingia karakanani kwangu ikivuta trela, na juu ya trela kuna boti ya faiba, mtumba kutoka Ulaya, bado ina maandishi ya kigeni ubavuni. Akashuka Msengi. Amenenepa. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, kwa hiyo nilimpa shikamoo.

"Marahaba, mtani. Bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie."

Akacheka. Anakwenda Ziwa Kitangiri kuanza uvuvi, akasema, na taa zote za trela zimekufa. Sikuhitaji kuuliza sababu. Plagi inayounganisha nyaya za trela na za gari ilikuwa imening'inia chini, imeburuzwa kwenye lami mpaka nusu ya plastiki yake imelika. Pini zilikuwa zimepinda, zimeota ukungu wa kijani. Akaenda hotelini kula supu, akaniacha na trela lake.

Nilikata plagi ile nikaitupa. Nikachukua mpya. Nikarudi nyuma kwenye waya wenyewe, nikikata kidogo kidogo mpaka nikafikia shaba inayong'aa, kwa sababu ukifunga shaba iliyooza unafunga ugonjwa. Nikachuna nyaya zote. Mweupe wa bodi, unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Wa njano, indiketa ya kushoto. Wa kijani, ya kulia. Wa kahawia na mweusi, taa ndogo. Kila mmoja nikauingiza kwenye tundu lake na kukaza skrubu.

Nikaushika mwekundu. Huo ni wa breki.

Nataka niandike ukweli, maana blogu hii haina faida nyingine kwangu. Nilipoushika ule waya niliuona mlima Sekenke, ambao lazima auteremke kwenda ziwani. Niliiona pikapu ikiteremka kwenye zile kona, Msengi akikanyaga breki, na nyuma yake lori la alizeti ambalo dereva wake haoni taa yoyote ikiwaka. Nililiona vizuri sana. Sikuogopa. Nilijisikia nimeshiba.

Nikaukunja waya ndani ya plagi bila kuufunga. Nikauzungushia tepu kwenye ncha usije ukagusana na mwingine, yaani hata ubaya wangu niliufanya kwa ufundi. Nikafunga kifuniko.

Msengi aliporudi akawasha indiketa, akazunguka nyuma, akaona zinawaka. Taa ndogo zinawaka. Akaridhika. Za breki hakuziangalia, kwa sababu mtu aliye peke yake hawezi kukanyaga breki na kusimama nyuma kwa wakati mmoja.

Hapo nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilimwambia.

"Mtani, taa za breki sijazifunga. Ukifika Sekenke lori litakupanda mgongoni."

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mafundi wa jirani nao wakacheka. "Mnyaturu wewe," akasema, "nikifa nitakuja kukudai mlenda." Akaondoka. Kwenye makutano akapunguza mwendo, na nyuma ya trela hakukuwaka kitu.

Nilikuwa nimemlipa kwa kipimo kilekile. Ukweli mtupu, mbele ya mashahidi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeucheka.

Baadaye nikamwomba Bakari, mziba pancha wa jirani, anipakie kwenye pikipiki yake. Tulimkuta Msengi sheli ya mwisho, barabara ya Nzega. Foleni ya mafuta ilikuwa ndefu na watu walikuwa wameizunguka boti wakiishangaa. Sikumsalimia. Niliingia kwenye pikapu, nikakaa kwenye usukani, nikamwambia asimame nyuma ya trela.

Nikakanyaga breki.

Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa bado anatabasamu, akingoja. Nikaachia, nikakanyaga tena. Tabasamu likaondoka taratibu.

Nikashuka na bisibisi, nikafungua plagi mbele yake, nikabandua ile tepu. Sikujificha. Nilikaza skrubu, nikarudi kwenye usukani na kukanyaga. Watu wa sheli wakasema zimewaka.  Uso wa Msengi ulikuwa mwekundu kwa mwanga wa zile taa.

Nilipofika aliposimama, akasema kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni utani."

"Hata mimi nilidhani."

 Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikuwa na utani. Nimeingoja siku hiyo kwa miaka, na nakiri ilikuwa tamu. Lakini utamu wake ulikwisha upesi, kwa sababu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ungeniacha niende?"

"Hapana," nikamwambia. "Si nimekufuata?"

Akatikisa kichwa, akaingia kwenye gari, akaondoka polepole.

Sasa niko intaneti kafe karibu na stendi, vidole bado vina grisi, na kuna jambo moja nimeliruka pale juu. Msengi halijui, Bakari halijui. Alipoondoka karakanani kwangu, sikumkimbilia. Nilikwenda kwa mama ntilie, nikaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Nilikula taratibu, nikaimaliza chai yote, ndipo nikasimama na kwenda kumtafuta Bakari.

Kama ile foleni ya mafuta ingekuwa fupi, leo ningekuwa naandika nini hapa?