Zamu ya Muuza Nyama

Sahibu, usinicheke.

Si unamkumbuka muuza nyama, niliyekuwa nikipokezana naye benchi la kunyanyulia vyuma? Yeye kilo themanini, mimi nondo tupu na kelele nyingi.

Leo nimenyanyua nondo yangu, nikaenda kunywa maji. Kurudi, nakuta kilo themanini zimepangwa. Nikazishusha, nikaenda tena kunywa maji. Kurudi, themanini.

Nikamuuliza mwalimu mgeni wa mazoezi, "Nani ananitania?"

"Ni zamu ya mwenzako, babu. Yule mnene mwenye taulo jekundu."

Taulo jekundu, sahibu. Mimi na wewe tulimzika Jumatatu, na taulo lile mjane wake alinipa mimi. Lilikuwa begini mwangu.

Nikasema, "Haya." Nikakaa pembeni, nikafumba macho. Vyuma vikagonga mara kumi, kama kawaida yake.