Triko za Mutoto wa Miaka Saba

Laure, mwanangu wa tumbo,

Tuko wazima, muhogo umekubali. Kifurushi chako kimekwama bandarini. Karatasi yako inasema triko, zile fulana za sufu, za mutoto wa miaka saba. Mutu wa duane, yule wa ushuru, akazipima, akasema, "Mama, hizi za mutoto muchanga, zina fungu lao la ushuru. Karatasi inadanganya."

Nikamujibu, "Papa, binti yangu hadanganyi. Weye unajua kufuma?"

Akamusimamisha mutoto wako Elysée, niliyekuja naye, akamuvalisha moja. Mikono iliishia kwenye viwiko.

"Nani alifuma?"

"Mama yangu," Elysée akasema. "Hajaniona tangu niko mudogo."

Nilitaka kukutetea, Laure, nikaishia kumuvua Elysée ile triko. Usitume sufu tena. Njoo umupime mwenyewe.

Mama yako Alphonsine, Kalemie. Nasema, Fanny anaandika.