Nachos za Kindness

Machame, 8 Januari 2025

Mwanangu Winfrida,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Wewe na mjukuu wangu Kindness mnaendeleaje? Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa jirani yetu Priska barua hii akishuka mjini kuuza ndizi.

Krismasi ulinionya: "Mama, mtoto ana aleji, asiguse maziwa." Mimi nikasema moyoni hayo ni mambo ya mjini, mbona wewe nimekulea kwa maziwa ya zizi hili hili? Nikatia kikombe kimoja kwenye mtori wake wa ndizi. Nikamwona anavimba midomo, anatafuta pumzi, na wewe unamkimbiza hospitali bila viatu. Uliponiuliza, "Mama, umemtilia maziwa?" nikasema hapana. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nisamehe.

Niambie anapenda kula nini, nijifunze kukipika.

Mama yako

Majengo, 2 Machi 2025

Shikamoo mama,

Sisi hatujambo. Kindness amerudi shule. Barua yako ilinikuta na hasira, nikaiweka kando. Daktari aliniuliza mara tatu mtoto amekula nini. Mara zote nilimjibu hajala maziwa, kwa sababu mama yangu alisema hivyo. Sijui nitasahau lini.

Anapenda nachos. Changanya unga wa mahindi na ngano kidogo, chumvi na maji ya moto. Sukuma nyembamba kuliko chapati, kata pembetatu, kaanga kwa mafuta ya alizeti mpaka ziwe kavu, zinalia ukizivunja. Wengine huweka jibini juu. Sisi tunachemsha viazi na karoti, tunasaga na kitunguu swaumu, limau na mafuta kidogo, inakuwa rojo ya njano. Halafu maharage, kachumbari na parachichi. Usitumie sufuria ya maziwa.

Mwanao,
Winfrida

Machame, 30 Machi 2025

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia Kindness yuko shule. Huku mvua zimeanza, shamba lote la kihamba ni matope, lakini afya ipo.

Nilinunua sufuria na kikaango vipya. Mara ya kwanza nachos zilikatikakatika, Priska akasema, "Hizi ni chapati zilizogombana." Tulicheka sana. Mara ya pili zikatoka vizuri, nikasema nikuandikie mje Pasaka.

Jana nikapika tena. Kuonja, nikasikia ladha ya samli. Kopo lake huwa karibu na jiko, na mkono wangu ulikuwa umechota humo bila mimi kujua. Miaka hamsini mkono huu unachota samli. Nikawamwagia kuku zote. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeona. Lakini nilishakudanganya mara moja.

Uamuzi ni wako.

Mama yako

Majengo, 11 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Pole na mvua. Sisi wazima.

Nimesoma barua yako nikalia. Asante kwa kuniambia. Hatutakuja Pasaka, mama, siwezi. Njoo wewe. Utapika kwenye jiko langu, nikiwa pembeni yako.

Mwanao,
Winfrida

Machame, 24 Aprili 2025

Mwanangu,

Nilifika salama, na magoti yametulia. Asanteni kwa Pasaka.

Ulinisindikiza stendi ukaniuliza, "Mama, umekasirika?" Sikuweza kukujibu mbele ya watu. Najua uliuliza kwa sababu uliniona nimeinamisha kichwa pale mezani, nilipomwekea Kindness sahani naye asiiguse. Alikutazama wewe. Ukachukua kipande, ukala, ukamwitikia kwa kichwa, ndipo akala.

Sikukasirika. Nilikumbuka alipokuwa mdogo, hapa jikoni kwangu, alikuwa anafungua mdomo kabla sijanyanyua kijiko.

Usimkataze. Nikija tena, mwache akutazame kwanza.

Mama yako