Mtalii wa Kutumwa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenyamaza tangu Pasaka. Sina udhuru ila uvivu, na uvivu si udhuru. Naliomba radhi daftari hili, lililokaa sandukuni miezi hii yote likinuka dawa ya nondo.

Nimekama. Nimepalilia mboga. Chai ilikuwa bado ya moto alipofika kaka yangu Nyakundi, bila kupiga simu. Hakuvua kofia. Nikajua ni jambo zito.

Binti yake, Kwamboka, anayefanya kazi Nakuru, ameposwa na kijana wa Nyamira aitwaye Ombati. Watu wa Ombati wanataka kuja kuzungumza mahari mwisho wa mwezi. Nyakundi anataka ukoo huo uchunguzwe kwanza. Kwetu anayetumwa kazi hiyo huitwa esigani. Huenda kama mpita njia, huuliza, huangalia, hurudi na kusema kama kwao kuna wezi, wachawi, wazimu au kifafa. Kikipatikana kimoja, ng'ombe hawapokewi.

Nilimwambia mila hiyo imepitwa na wakati. Akajibu kwamba hata mimi nimepitwa, na bado natumika.

Nimekubali. Kwamboka hajui. Ombati hanijui kwa sura. Ana gari dogo la abiria, kazi yake ni kuwatembeza watu: kilima cha Manga, mashamba ya chai, wachonga mawe wa Tabaka. Basi nitakuwa mtalii. Siku tatu. Nimejiandikisha kwa jina langu la ubatizo, Perpetua, ambalo hakuna anayelitumia. Si uongo. Ni jina langu.

Jumanne, 5 Agosti

Safari ya kwanza. Gari ni safi mno. Gari safi hivyo, kwa barabara zetu hizi? Kuna kinachofichwa.

Ombati ni mrefu, ana adabu, anafungua mlango kabla hujaugusa. Sipendi.

Tulikuwa abiria watatu. Wengine wawili ni Bi. Zuhura na mumewe, wauza vitambaa mjini Kisii. Bi. Zuhura amezaliwa mjini. Miaka sitini na mmoja anaiona Manga kila afunguapo mlango, hajawahi kuipanda. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Nyakoe, hapo jirani.

"Mtalii wa Nyakoe! Mwenzangu, umevuka bahari gani?"

Alicheka hadi kilimani. Kiswahili chake ni safi, kwa hiyo nilimsamehe.

Juu kulikuwa na jua kali. Ziwa lilionekana mbali, utepe mwembamba. Ombati alisimulia jinsi watu walivyopanda na ng'ombe wao kujificha huko juu maadui walipokuja. Anasimulia vizuri. Mtu anayesimulia vizuri hivyo amezoea kuaminiwa. Akasema, "Wazee ilikaa hapa siku nyingi." Nikasema, "Walikaa." Lilinitoka lenyewe. Akanitazama, akanishukuru. Niuchunge ulimi wangu.

Kisha ukungu ukaja. Ukameza ziwa, ukameza mji, ukammeza mume wa Bi. Zuhura aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu. Hakuna aliyeuona ukija. Tuliteremka tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea, tumelowa hadi soksi.

Saa saba kamili, mvua ikinyesha, Ombati alijitenga akapiga simu. Sauti ya chini, ya upole. Nilisikia akiuliza kama mtu amekula. Halafu akacheka kidogo.

Kwamboka yuko kazini saa saba. Si yeye.

Jumatano, 6 Agosti

Nyamira, mashamba ya chai. Asubuhi joto la kuvua sweta. Saa nane mvua ya mawe. Majani ya chai yalichanwachanwa mbele ya macho yetu. Tulikimbilia kituo cha kununulia majani, tukabanana na wachumaji na vikapu vyao.

Nikaona nafasi ya kufanya kazi yangu. Niliwauliza wanawake watatu, mmoja mmoja, kama kwa bahati tu, kuhusu watu wa kina Ombati. Wa kwanza: watu wazuri. Wa pili: watu wazuri sana. Wa tatu: watu wa kanisa, wakarimu, hawagombani na mtu. Kisha akaniuliza, "Na msichana hajambo?" Nikauliza msichana gani. Wakatazamana, wakacheka, wakaanza kuongea habari za mvua.

Sifa nyingi hivyo zimepangwa. Hakuna ukoo usiogombana na mtu. Wangu hugombana kila Krismasi.

Nilimuuliza Ombati babu yake alikufa kwa ugonjwa gani. Akasema uzee.

Wakati wa kurudi tulisimama soko la Birongo. Akanunua sweta la kike, rangi ya zambarau. Akamwomba Bi. Zuhura alipime mabegani. "Mwili wake ni kama wako, Mama." Bi. Zuhura ni mwanamke wa kujaza mlango. Kwamboka ni mwembamba kama ufito.

Simu tena saa saba, kabla ya mvua. Sauti ileile.

Ana mke. Naandika bila kuzunguka. Ana mke mahali fulani, na anataka kumfanya binti yetu mke wa pili bila kumwambia. Nina hasira. Nina pia furaha kidogo kwamba nimemgundua haraka. Si furaha nzuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuna safari. Nimekausha viatu.

Nilimpigia Kwamboka. Nikamuuliza, kama mazungumzo tu, huyo mchumba wake humpigia nani saa saba. Akasema Ombati humwambia ni mambo ya ofisini.

Ombati hana ofisi. Ana gari.

Akauliza nimejuaje habari za saa saba. Nikasema ng'ombe anaingia mbogani, nikakata. Huo ulikuwa uongo.

Nyakundi amepiga mara mbili. Anataka jibu Jumapili baada ya ibada.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika polepole. Nataka niandike sawasawa.

Bi. Zuhura na mumewe hawakuja. Wana sala ya Ijumaa. Sikulifikiria hilo nilipochagua siku. Nikawa peke yangu na Ombati. Nilibeba mwavuli wenye ncha ya chuma.

Tulipaswa kwenda Tabaka. Tulipotoka mjini akashika barabara ya Keumbu. Nikamwambia amekosea njia. Akasema hajakosea. Nilishika mwavuli kwa mikono miwili.

Tulipofika Keumbu akasimama kando ya barabara, akazima injini. Wauza ndizi wakajaa madirishani. Akanunua chane mbili. Walipoondoka akasema, bila kugeuka:

"Shangazi, najua umetumwa."

Nikamwambia naitwa Perpetua.

"Sawa. Lakini hakuna mtu wa Nyakoe anayelipa nauli kuonyeshwa Manga, halafu anauliza babu yangu alikufa kwa nini. Wale wachuma chai walinipigia kabla hujamaliza kufunga mwavuli. Hata Bi. Zuhura alijua, na yeye si Mgusii."

Uso ulinichoma. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Esigani wa kwanza alikuja akijifanya anauza sufuria. Hakuuza hata moja, lakini aliondoka na mchumba wangu. Wewe angalau umelipa."

Akanipeleka kwa miguu hadi nyumba iliyo nyuma ya migomba. Ndani kulikuwa na mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, amevaa sweta la zambarau, anaambua maharagwe. Dada yake, Moraa. Wazazi walikufa Ombati akiwa mdogo. Moraa ndiye aliyemlea. Mkono wake wa kushoto umeungua zamani, vidole viwili vimeshikana. Aliangukia moto akipika. Tangu hapo hapiki, jirani humpikia. Saa saba Ombati hupiga simu kujua kama amekula na kumeza dawa.

Moraa akanitazama juu hadi chini. "Huyu ndiye mtalii? Nilidhani ataleta kamera."

Tulikuwa tukicheka alipodondosha ungo. Mvua ilikuwa imeanza ghafla, mabati yalipiga kelele, sikumsikia akianguka. Nilimwona tu chini, mwili unatetemeka, macho yamegeuka. Ombati alikuwa ameshapiga magoti. Akasogeza meza. Akamlaza ubavu, akamwekea kitambaa chini ya kichwa, akatazama saa. Hakupiga kelele. Alisema jina lake tu, mara kwa mara, taratibu.

Na mimi nilivuta miguu.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Kila mwaka niliwaambia watoto kwamba kifafa hakiambukizi, wasimkimbie mwenzao anapoanguka, wasiogope mate yake. Nilimwadhibu mvulana mmoja kwa kukimbia. Leo mkono wa Moraa ulikaribia kiatu changu, nikavuta miguu yote miwili hadi juu ya kiti. Ombati aliniona.

Moraa alipoamka, swali lake la kwanza lilikuwa kama mgeni amepewa chai.

Nje, chini ya paa, Ombati aliniambia kwamba mwanamke atakayemwoa ataishi na Moraa nyumba moja. Hilo halina mjadala kwake. Nikamuuliza kama Kwamboka anajua. Hajui. Amejaribu kumwambia mara nyingi. Kila akifungua mdomo anamkumbuka mchumba wa kwanza.

Nikamwambia kwamba kunyamaza kwake ni uongo.

"Ndiyo," akasema. "Ni uongo."

Nikamuuliza kwa nini amenileta mimi. Akasema, "Ungefika tu. Nimeona heri ufike mimi nikiwepo."

Huenda huo ni ukweli wa moyo. Huenda ni ujanja wa mtu anayetaka neno lake gumu lisemwe na mwingine. Nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Sijaamua.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeandika taarifa ya Nyakundi mara tatu. Ya kwanza ilisema: Kuna kifafa. Ni sahihi kabisa. Nikaichana.

Ya pili ilieleza yote, ukurasa mzima. Nyakundi ataisoma hadi neno hilo, atasimama hapo. Nikaichana.

Ya tatu ilisema sikuona kitu. Sikumaliza hata sentensi.

Halafu nikaona kwamba nilikuwa namwandikia asiyehusika. Atakayekaa nyumba moja na Moraa si Nyakundi.

Nikampigia Kwamboka. Nilimweleza kuanzia Jumatatu. Jina la Perpetua. Saa saba. Mkono ulioungua. Sharti la nyumba moja. Nilimweleza na habari ya miguu yangu, ili ajue macho yaliyoona yalikuwa ya mtu wa namna gani.

"Shangazi, mlikuwa mnachunguza bila kuniambia?"

Ndiyo.

"Na yeye alinificha."

Ndiyo.

"Kwa hiyo nyote mmejua kabla yangu."

Akakata. Hakuniaga. Siku nyingine ningemkosoa, lakini leo sina haki. Sikumkosoa.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada. Nyakundi alinisubiri mlangoni pa kanisa. Nikamwambia kazi haijaisha.

Akauliza ni wezi? La. Wachawi? La. Ni nini basi? Nikasema kuna mtu mwenye haki ya kuamua kabla yake, na bado hajaamua. Akaniuliza nimeanza lini kusema mambo nusunusu. Nikasema juzi. Alikataa chai, akaenda zake. Ni kaka yangu, atarudi, lakini kwa sasa amekasirika na ana sababu. Alinituma, sikuleta.

Kwamboka alisafiri alfajiri kutoka Nakuru. Hakupitia kwangu wala kwa baba yake. Saa nne uliingia ujumbe: "Niko Keumbu, naenda kwa Moraa. Usimwambie Baba. Usinipigie."

Sijampigia.

Asubuhi ilikuwa angavu. Nilianika mahindi. Saa nane mvua, nikayaanua. Saa tisa jua, nikayaanika tena. Sasa ni saa kumi na moja. Simu iko mezani, kimya. Nimepika ugali na kunde za watu wawili, endapo atapita.

Sijui nataka aamue nini. Nikisema nataka afurahi, ni neno la kadi ya salamu. Akikataa, nitamwelewa. Akikubali, nitaenda Keumbu tena, bila jina la ubatizo, na nitakaa karibu na Moraa kadiri atakavyoniruhusu.

Akishaamua, nitaandika.