Pikapu Iliyokabidhiwa Kama Binti Arusi

Mjukuu wangu Longino,

Hapa Lizaboni tu wazima. Mahindi yamekomaa, na bibi yako analalamika kwamba mume wake wa Dar, yaani wewe, hampigii simu. Namwambia atulie, mzuri wa ukoo huu ni mimi.

Umeniuliza kama uwaambie hao wanaonunua magari mtandaoni kwamba gia ya tatu ya hilo gari unalouza inachomoka, maana unaogopa watakukimbia. Msomi wa chuo unamwuliza babu wa darasa la nne! Basi sikiliza.

Biashara zilipofunguliwa na magari ya Japani yakaanza kuingia, nilitaka kuuza pikapu yangu kuukuu nifungue duka. Akaja bwana mmoja wa Nakapanya. Niliisifu mpaka koo likakauka, naye akaguna tu. Ndipo bibi yako akatoka jikoni, akaishika pikapu bodi na kumwambia yule mgeni:

"Baba, huyu asubuhi ana baridi, usimharakishe. Mlango wa kushoto uinue kidogo ndipo ufunge. Mlimani analia sana, lakini anafika."

Nikamkanyaga mguu. "Mama Gaudensi, unaniharibia!"

"Binti haendi ukweni bila tabia zake kusemwa," akajibu.

Yule bwana akacheka, akaichukua siku ileile.

Miaka ikapita, siku moja honi ikalia nje; ni yule bwana, ndani ya pikapu ileile. "Mama, mwanao amekuja kukusalimia!" Bibi yako akatoka mbio, akauinua ule mlango wa kushoto, akaufunga taratibu. Mimi hajawahi kunipokea hivyo.

Waandikie habari za hiyo gia. Halafu mpigie mkeo simu.

Babu yako, mzuri kuliko wewe.