Kombora la Kutwangia Pondu

Kisangani, Novemba 1999

Papa yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu wewe, mama na wote wa nyumbani. Je, goti lako limepatana na baridi ya Butembo mwaka huu, au bado unapanda ngazi za kanisa ukimlaumu aliyezijenga? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini hapa Kisangani kila mtu amekonda, kwa hiyo hakuna anayeniuliza.

Viviane alifika salama na bidhaa zake na ujumbe wako. Aliutoa mbele ya wateja wangu bila kupunguza neno: kwamba umesikia sokoni nimekuwa fundi wa mabomu wa askari, na kwamba wewe huna mtoto wa kazi hiyo. Papa, iliniuma sana. Nimemwomba aibebe barua hii atakaporudi kwa ndege, nikueleze mwenyewe, kisha uhukumu.

Mambo yalianza na mdomo wangu. Unaijua mashine yangu ya kukereza vyuma, ile mliyoninunulia kwa kuuza shamba la kahawa la mama. Tangu petroli ipotee, mji mzima unasafiri kwa toleka, hizi baiskeli za kubeba abiria, nami nazikerezea ekseli. Siku moja Commandant Édouard, mkuu wa askari wa hapa, alileta yake kutengenezwa, nikajigamba kwamba mashine hii inatoa kitu chochote cha duara. Kesho yake walinijia askari wawili. Commandant alikuwa na mzinga usio na makombora, na kombora, au obus kama alivyoliita, ni kitu cha duara.

Kukataa hakukuwa na nafasi. Alitaka kombora jepesi, la kwenda mbali, lenye baruti nyingi, lisilopasuka ovyo, tena la chuma cha malori mabovu. Nilimweleza kwamba hiyo ni kutaka toleka ibebe magunia manne na ikimbie kama haina kitu. Ukipunguza unene wa ukuta ili baruti iingie nyingi, linaweza kupasukia ndani ya mzinga. Ukiongeza unene, linakuwa zito na kuangukia karibu, labda jikoni kwetu wenyewe. Alikuna kichwa, akasema basi nitafute katikati. Hapo nikaona mlango wa kutokea, maana katikati unaweza kuitafuta hata mwaka mzima. Nikaomba ruhusa nianze na mifano ya mti.

Nikakereza wa kwanza, akauona mnene. Nikakereza wa pili, akauona mwembamba. Ule wa kwanza aliuokota mke wake, Mama Olga, akatwangia majani yake ya pondu, na kumbe ulikuwa mchi mzuri kuliko wake. Tangu siku hiyo kila mfano uliokataliwa ulikwenda kwenye kinu, na Mama Olga akaanza kutoa maoni.

“Ingénieur, hii ya leo iko muzuri,” aliniambia, “lakini tumbo yake iko munene, mukono inachoka.”

Commandant alikuwa na haya ya kukiri kwamba mambo haya hayajui, basi maneno ya mke wake aliyapeleka kwenye mikutano ya wakubwa kama matokeo ya uchunguzi. Wakubwa waliridhika, na wake za maofisa wengine wakaagiza ya kwao. Papa, hayo ndiyo mabomu uliyoyasikia sokoni. Mpaka sasa yameua majani ya muhogo peke yake.

Wakati fulani niliogopa kwamba amechoka kunisubiri. Aliniita, akafunga mlango, akakaa juu ya sanduku. Alinisimulia kwamba zamani yeye mwenyewe alikuwa mpiga mzinga, pamoja na mdogo wake, na kwamba mdogo wake hakurudi.

“Sébastien,” akasema polepole, “obus mubaya haiue adui. Inaua mutoto mwenye kuipiga. Donc, usimalize. Chonga tu.”

Nikatoka pale, nikaenda kuchonga mwingine. Kumbe wote wawili tulikuwa tunapoteza wakati kwa bidii, kila mmoja akimficha mwenzake.

Lakini wiki iliyopita Commandant Édouard alihamishwa. Aliyekuja badala yake ni kijana aliyesomea mizinga ng'ambo. Aliipitia michoro yangu yote, akaushika mfano wa tisa, akaugeuza, akasema hakutegemea kuona umbo safi namna hii hapa, na kwamba Jumatatu tuanze na chuma.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata Viviane halijui. Aliponisifu vile, Papa, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaanza kumwonyesha mahali pa kupunguza uzito zaidi. Katika kucheza kwangu kote, na manung'uniko ya Mama Olga, katikati nilikuwa nimeipata kweli, na mikono yangu ilikuwa na hamu ya kuona kitu kile kinaruka. Nilirudi nyumbani nikijichukia.

Leo Jumapili, watu wakiwa misani, nilichoma michoro. Nikafungua kichwa cha mashine, ile sehemu inayoshika chuma na kukizungusha, nikakifunga kwenye gunia pamoja na mfano wa tisa, nikapakia kwenye baiskeli. Kizuizini askari aliuliza nina nini. Nilimtolea ule mfano, nikasema ni mchi wa pondu, akaomba abaki nao kwa ajili ya mke wake. Nikampa, naye hakutazama kilichobaki ndani ya gunia. Kile kichwa nimekitupa kutoka darajani, kwenye maji ya kasi ya mto Tshopo. Bila hicho, mashine ni meza nzito tu.

Kwa hiyo naondoka kesho alfajiri kwa baiskeli, kabla hawajaja kunichukua. Nitapitia njia ya Bafwasende, na Mungu akinisaidia nitafika nikiwa mchafu na mwenye njaa. Unisalimie dada Kasoki na watoto wake, na padri, na majirani wote wanaoniulizia.

Habari za mabomu unaweza kumsomea mama zote. Ila kuhusu ile mashine, nakuomba unyamaze mpaka niwe nimekwisha kula.

Ni mimi mtoto wako,
Sébastien Kataliko